Mapacha wa Kifua Kumi

4 Februari

Mdogo wangu,

Huku hatujambo. Wifi yako hajambo, na wapwa zangu wanakula kama wameajiriwa kwa kazi hiyo. Yule mkubwa ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele ya watu. Mdogo wake anakuulizia kila akiona gari jeupe la wagonjwa. Bucha inakwenda. Wateja ni walewale: wanataka steki kwa bei ya mifupa, na mifupa wanaitaka bure kwa ajili ya mbwa ambao sijawahi kuwaona.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu ya bucha siku hizi anaishika shemeji, mumeo, ndiye anayepokea oda. Tangu kampuni ya ulinzi imfukuze kwa kupoteza bunduki, nimemchukua anisaidie kukata na kuosha. Hana raha, maskini. Akisikia unatajwa anaweka kisu chini na kutoka nje. Mtu amevamiwa na majambazi nyumbani kwake, kanyang'anywa bunduki ya kazi, mkewe kapigwa risasi kwa bunduki hiyohiyo huku anatazama. Mimi ningekuwa nimeshapata wazimu. Barua hii nampa dereva wa mitungi ya oksijeni, anayepita kwetu akija hospitalini kwenu. Ukijibu mpe yeye.

Sasa tuongee. Mimi napasua migongo ya ng'ombe tangu ndevu hazijanijaa. Ule ugwe mweupe uliolala ndani ya mfupa naujua, nautoa kwa vidole kila siku. Ukikatika umekatika, sitakudanganya ili ufurahi. Lakini nataka kujua risasi imeingia pingili ya ngapi kutoka shingoni. Na kwa nini hawaitoi? Nyama yenye risasi huoza. Waambie kaka yako anauliza.

Na hao waliokufanyia hivi, niachie mimi. Nikimpata mmoja tu sitamuua. Kufa ni raha. Atalala kama ulivyolala wewe.

Kaka yako

27 Februari

Kaka, shikamoo.

Hiyo ya mbwa nimeicheka mpaka Sista akaja mbio akidhani nimeshikwa na kifafa. Mwambie mwanangu acheke tu, mapengo yanampendeza. Msalimie wifi.

Mimi niko. Wodi yetu ni ndefu, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, madirisha yako juu sana, na karibu nusu yetu tumeletwa hapa na risasi. Hakuna anayeitwa kwa jina lake. Tunaitana kwa pingili iliyovunjika. Kuna Shingo Tano, alipigwa na askari akiruka ukuta wa nyumba ya watu. Mpaka leo wamemfunga pingu ya mguu kitandani, na huo mguu hata ukiuchoma moto hausikii. Anasema pingu yake ndiyo pekee humu inayoamini kwamba atatembea. Kuna Kifua Nne, mwalimu, risasi ilipita dirishani ikamkuta anasahihisha madaftari. Mimi ni Kifua Kumi. Umeuliza, nimekujibu: pingili ya kumi ukianza kuhesabu pale shingo inapoishia. Kutoka hapo kwenda juu ni mimi. Kwenda chini ni mzigo ninaobeba.

Risasi haitolewi. Daktari anasema imelala na haiozeshi kitu. Kilichoharibika kiliharibika mara ileile ilipoingia, na kuifuata sasa ni kukata vinavyofanya kazi. Sidhani kama atakubali ukimfundisha.

Wanatugeuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Nilikuwa naona wanatusumbua tu. Halafu wakamrudisha mtu aliyekuwa ameruhusiwa. Nyumbani walimlaza chali wiki na wiki wakidhani wanampumzisha. Kidonda makalioni kilikuwa kimekula nyama yote, mfupa uko nje. Niliuona, Kaka. Alioza akiwa hai na hakusikia maumivu yoyote, akawa anauliza harufu inatoka wapi. Alikufa Ijumaa.

Ndiyo maana hawamruhusu mtu mpaka ndugu yake aje kufundishwa kumgeuza, kumkagua ngozi na kumsafisha mrija wa mkojo. Njoo wewe. Usimtume mtu mwingine, hata akijitolea kwa machozi. Na wanangu walale kwako. Usiniulize kwa nini.

Kuhusu majambazi sina la kusema. Usimtafute mtu yeyote. Nakusihi.

Mdogo wako

16 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Wapwa zangu wanalala kwangu kama ulivyotaka. Shemeji alinung'unika, nikamwambia wifi yako anawataka, yakaisha. Jino jipya limeota, ni kubwa kuliko mdomo. Wifi yako anakohoa lakini si kwa kutisha.

Habari ya kidonda imeninyima usingizi, na mimi si mtu wa kukosa usingizi kwa sababu ya nyama. Nitakuja kujifunza. Lakini nina kazi kwanza.

Tumempata mmoja. Ni Fundi Matairi, yule wa kwenye kona, anayeziba pancha huku anaimbia puani. Eti mpole! Jioni ile jirani yenu mmoja alimwona akiruka ua wa nyumba yenu amekumbatia kitu. Alinyamaza kwa woga, juzi ndiyo kasema. Nikaenda kibandani kwake kujifanya nataka upepo wa baiskeli. Nyuma ya mlango limetundikwa koti. Limefuliwa, lakini kwenye mishono ya mfuko damu imekaa. Muuza nyama humdanganyi kuhusu damu. Shemeji nilipomwambia alisema ndiye, na koti ni lilelile la jioni ile.

Polisi siwataki. Wataandika, watapiga mihuri, watamwachia. Nina vijana watatu, na shemeji mwenyewe. Nangoja neno lako tu, maana mgongo ni wako. Dereva atapita tena huku mwisho wa mwezi. Akija bila barua yako, nitajua umekubali.

Kaka

2 Aprili

Kaka, si yeye. Weka chini ulichoshika usome.

Barua yako ilifika nikiwa sijijui. Mrija uliziba, mkojo ukarudi ndani, homa ikanipanda nikaweweseka siku nyingi. Sista aliiweka chini ya mto. Nimeisoma leo. Nikamwomba simu, nikapiga bucha, na sauti iliyoniitikia ilikuwa ya mume wangu. "Bucha hapa, nikusaidie nini?" Nilikata. Nikamrudishia Sista simu, nikamwomba karatasi.

Hakuna majambazi, Kaka. Hawakuja. Ni yeye.

Jioni ile nilikuwa nimefunga nguo za watoto kwenye shuka. Watoto wenyewe nilikwishawatanguliza kwako. Nilikuwa nakuja kukaa kwako moja kwa moja, kwa sababu alikuwa amenipiga tena, safari hii kwa pasi, na nilikuona wewe tu wa kukimbilia. Akarudi kutoka kazini mapema, bunduki begani. Akaona furushi. Hakupiga kelele. Alisema, "Geuka nikuone unavyoondoka." Mimi nikadhani ananikejeli, nikageuka, nikaushika mlango. Sikusikia mlio. Niliona tu sakafu inakuja usoni kwangu, na miguu yangu nikaiona pembeni kama ya mtu mwingine aliyelala karibu nami.

Fundi Matairi alikuwa anapita. Ndiye aliyeingia. Alivua koti lake akanikandamiza nalo mgongoni, akawa ananiambia nisijisogeze, nisijisogeze. Mume wangu akamwelekezea mtutu, akamwambia achukue koti lake, aruke ua na asahau alichokiona. Ndipo yeye mwenyewe akatoka mlangoni na kuanza kupiga yowe la majambazi. Kwenye gari la wagonjwa alinishika mkono, watu wakimwonea huruma, akaniinamia sikioni: "Sema majambazi. Watoto nitabaki nao mimi." Nikasema majambazi. Nilinyamaza mpaka wanangu wahamie kwako, na nilikuwa najipa moyo kwamba ukija hapa nitakwambia uso kwa uso.

Damu kwenye koti ni yangu. Imetoka kwenye jeraha ambalo yule mtu alikuwa analiziba. Dereva nimemwapisha akukabidhi mkononi mwako, asimwachie mtu.

Mdogo wako

11 Aprili

Barua yako nimeipata jana, mkononi, kama ulivyomwagiza. Mwisho wa mwezi dereva alipita mikono mitupu, na mimi nikahesabu kimya chako kuwa ndiyo.

Tulimchukua Jumapili mchana tukampeleka banda la nyuma. Tulimlaza kifudifudi juu ya meza ya kukatia. Alipiga kelele kwamba ni shemeji, kwamba yeye aliingia kukuziba damu, kwamba alielekezewa bunduki. Maneno hayahaya uliyoniandikia, mdogo wangu, nilishayasikia kwa masikio yangu. Nikasema mwongo huyu anamsingizia hata mwenye msiba. Nikamshindilia aproni mdomoni. Vijana wakashika mikono, shemeji akashika miguu. Nikampandisha shati. Nikaweka kidole kwenye mfupa unaochomoza shingoni, nikaanza kushuka pingili kwa pingili kama ninavyofanya nikitafuta pa kupitisha msumeno. Wewe uliniandikia kumi. Nilipofika kumi niliinua shoka, nikaligeuza upande butu.

Nilipiga mara moja. Mimi sihitaji kurudia. Miguu aliyokuwa ameishika shemeji ilikuwa inarusha mateke, ikatulia papo hapo. Shemeji akaiachia, akacheka kidogo. Nilidhani ni woga. Tukamtupa kwenye njia ya hospitali ya mjini. Nasikia yu hai.

Sasa hivi shemeji yuko mbele yangu. Anaosha matumbo kwenye karai huku ananisimulia mpira wa jana. Ananiuliza namwandikia nani. Shoka liko karibu na mguu wangu, na safari hii nitatumia makali. Dereva anapiga honi.

14 Aprili

Kaka,

Dereva amekubali kugeuza gari leo hii baada ya mimi kumlilia mbele ya wodi nzima. Kama hujamgusa mume wangu, usimguse. Kama umeshamgusa, komea hapo ulipofika.

Usidhani namwonea huruma. Kila ninapofundishwa kujitelezesha kwenye ubao kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, namwona amelala chini ya gurudumu langu, na nasukuma kwa nguvu zaidi, na mwalimu wa mazoezi ananisifu kwamba mikono yangu imeimarika. Lakini nitakapotoka humu, nani atanigeuza? Wifi anayekohoa? Mtoto anayebadilisha meno? Ukinyongwa au ukifungwa maisha, mimi nitaoza kama yule wa Ijumaa na nitauliza harufu inatoka wapi.

Umeniharibia mtu aliyeniziba damu. Nimekasirika, Kaka. Sijawahi kukukasirikia hivi tangu nizaliwe, na kama ungekuwa hapa ningekurushia beseni la mkojo. Hasira zako zimekwisha kula mtu mmoja. Tosheka.

30 Aprili

Mdogo wangu,

Wanao hawajambo. Wifi yako amepona kikohozi. Mimi sijui nikoje.

Barua yako ilinikuta katikati. Siku ile nilipoinuka na shoka, shemeji aliusoma uso wangu akakimbilia chumba cha baridi, mahali pa kipumbavu pa kukimbilia. Nikamtundika kwa mkanda wake kwenye ndoano, kati ya nusu mbili za ng'ombe, miguu inaelea. Nikamuuliza bunduki iko wapi. Akasema kwa majambazi. Nikamshusha, nikamlaza mkono wa kulia kwenye gogo, nikakata kidole cha kufyatulia risasi. Kilidondoka kwenye unga wa mifupa, kidogo tu, usingekitambua. Akasema iko chooni, kaitumbukiza chooni. Nikamrudisha ndoanoni na kufunga mlango. Kwa siku tatu nikawa nakwenda kumtazama kila saa, nikimtoa apate joto ili asife haraka. Nilikuwa nimepanga shingo iwe ya mwisho. Ndipo dereva akaja na barua yako, na niliisoma nimesimama na kisu mkononi, mtu ananing'inia anatoa mvuke mdomoni.

Nikampeleka kituoni kwa mkokoteni wa nyama. Polisi wameifukua bunduki chooni. Amekiri kila kitu, hata pasi aliitaja. Afande aliuliza kuhusu kidole, nikasema ajali ya kazi, bucha zina ajali. Akaandika ajali.

Halafu akauliza ni nani aliyemvunja mgongo Fundi Matairi. Mtaa mzima ulikuwa pale dirishani, na mtaa mzima ukatazama chini. Shemeji naye alinyamaza, maana aliyeshika miguu ni yeye. Na mimi nikatazama chini.

Nimefunga bucha. Nikigusa mgongo wa ng'ombe vidole vinakataa.

Kaka yako

19 Mei

Kaka,

Asante kwa habari za wanangu. Mimi sasa nashuka kitandani mwenyewe, na wamenipa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Ile yangu ya nyumbani, ya kukanyaga, iuze, au mpe wifi.

Fundi Matairi ameletwa hapa. Nilijua ataletwa, hakuna hospitali nyingine ya migongo. Wamemweka kitanda kinachotazamana na changu. Siku ya kwanza Shingo Tano alimuuliza pingili gani, naye akasema kumi ya kifua, na wodi nzima ikapiga vifijo. Sasa wanatuita mapacha. Sista anasema, "Geuza mapacha." Mazoezi tunafanya pamoja, ubao tunatumia mmoja. Mimi risasi, yeye shoka, na picha za mifupa yetu daktari anazitundika pamoja dirishani na kushangaa.

Siku nyingi hakusema nami. Anaimbia puani bado, akikatishwa na maumivu. Halafu juzi, tukiwa tumegeuziwa upande mmoja, tunatazamana, aliniambia, "Kaka yako ana vidole vya baridi." Nililia, naye akaningoja nimalize.

Polisi walikuja kumhoji. Aliwaambia hakumwona aliyempiga. Walipoondoka nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Sikudanganya. Nilikuwa kifudifudi." Akaongeza, "Na nikimtaja atafungwa. Mimi sina mama, sina mke, sina ndugu hata wa kusingizia. Kibanda changu mtu ameshakivunja. Nani atanigeuza?" Jana Sista alimuuliza nani atakuja kufundishwa kumhudumia. Alininyooshea kidole mimi. Akasema, "Ndugu yake."

Kwa hiyo njoo. Huji kumtembelea mgonjwa. Unakuja kuchukua kazi, na ni ya migongo miwili mpaka mmoja wetu afe. Usilete zawadi.

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu,

Niko kwenye benchi nje ya wodi. Wanao wameshaingia, nimewasikia wakikulilia, na nimekusikia ukicheka kwa sababu ya hilo jino.

Mimi nimeshindwa. Nimefika mlangoni, nimekiona kitanda chake, nimeona mgongo wake kwa sababu wamemlaza ubavu, na kovu liko palepale. Nimerudi nyuma nikatapika kwenye ndoo ya mfagiaji. Ndiye ninayempa karatasi hii.

Kazi naikubali. Nitaifanya mpaka mwisho wangu. Nimeshabomoa ukuta wa chumba cha mbele ili vitanda viwili vienee. Lakini sijui nimwambie nini. Siwezi kumwambia pole kama mtu aliyemkanyaga mguu. Pengine nianze kesho. Niambie wewe.

Kaka

6 Juni

Kaka,

Nimemsomea barua yako yote, hata ya kutapika. Kisha amesema yafuatayo, na naandika kama alivyosema.

"Mwambie asiseme kitu. Mwambie asipite nyuma, azunguke aje upande huu wa uso. Nataka nimtazame wakati ananishika."

Saa yake ya kugeuzwa imefika na Sista yuko peke yake. Sabuni iko mlangoni, nawa mpaka viwiko. Ingia.